Kivuli cha Ziada

Ghala la kunyaushia chai lilikuwa limelala miaka kumi na minane
tulipoingia na nyaya zetu, Mufindi, mwezi wa Juni,
baridi ile inayopenya hadi kwenye mizizi ya meno.
Mwongozaji alitaka mbalamwezi.
Ile ya Mungu haiitoshi kamera,
aliyewahi kushika taa analijua hilo:
mwezi unaufunga mwenyewe juu ya nguzo,
unauvika karatasi ya buluu, unausogeza nyuma kabisa,
kisha unainywesha jenereta lita nne kwa saa.

Mimi ndiye niliyekuwa naupandisha mwezi.

Ukungu haukutugharimu kitu.
Mjini tungeukodi, mashine na mafuta yake;
hapa uliingia wenyewe saa mbili usiku
kupitia madirisha yaliyokimbiwa na vioo,
ukakaa mbele ya taa
kama mgeni aliyetumiwa kadi.

Sasa, uongo ni wangu, niseme mapema.
Vijana wa Kambi Namba Nne walikuwa wakija kuchungulia,
wanaruka nyaya zenye umeme wa kuangusha ng'ombe,
na dizeli ilikuwa inapungua hata mchana, jenereta imezimwa.
Nikawaita, nikashusha sauti:
"Humu mna msichana. Atuganile. Alikuwa mchuma chai.
Mkiona vivuli vitatu penye watu wawili,
msirudie kuhesabu. Ondokeni."

Jina nililiokota tu, kama msumari njiani.
Na vivuli? Taa mbili zikimpiga mtu mmoja
zinamzalia vivuli viwili. Ni hesabu ya kazi.
Mimi niliijua, wao hawakuijua,
hadithi yangu ikasimama kwa mguu huo mmoja.

Usiku wa tatu ilikuwa imeshaota mingine.
Ng'owo wa sauti alivua vifaa vya masikioni, akanywea:
anasikia vikapu vikiburutwa.
Fidelisi wa vipodozi aliguswa bega.
Mpishi akaanza kupakua sahani moja ya ziada,
aiweke mlangoni, na asubuhi ilikuwa tupu
(nilikuwa naila mimi).

Usiku wa tano alikuja mama mmoja,
buti za mpira, sweta la kiume, nailoni kichwani.
Hakuiangalia kamera. Hakumwangalia mwigizaji.
Alinijia mimi, chini ya nguzo.
"Nani amekupa habari za dada yangu?"

Nilitafuta mate mdomoni, sikuyapata.

"Tulitoka Rungwe pamoja kuja kuchuma.
Alikufa kwa mapafu, mwaka walioleta nguzo.
Nyaya zilipita juu ya kambi yetu kwenda kwa meneja.
Jioni alikuwa anasimama chini yake na kikapu mgongoni,
anasikiliza.
Alikuwa akisema: umeme unaimba, lakini hautui."

Nikataka kumwambia kwamba nilibuni.
Ulimi ukaniuliza: ulibuni nini hasa?

"Kama yumo humu," akasema, "usimfukuze.
Hajawahi kuona taa ikiwaka ndani."
Akashika njia ya majanini, ukungu ukamfunga nyuma kama mlango.

Saa tisa mwongozaji alitangaza tumemaliza.
Wakakunja nyaya, wakabeba masanduku,
wakapanda gari la Mafinga wakipigana vikumbo vya usingizi.
Nikasema nina bolti ya kulegeza, nitawafuata na lori.

Nikazima taa zote isipokuwa mwezi.
Nikauvua karatasi ya buluu, ukawa mweupe, taa ya nyumbani tu,
nikaushusha hadi kimo cha mtu aliyesimama.
Nikaenda kusimama mbele yake, nikauangalia ukuta.

Taa moja. Mtu mmoja.
Hesabu unaijua.

Mhasibu ameniuliza mara mbili.
Katika daftari la dizeli la usiku ule
kuna lita tano
ambazo mpaka leo sijazitolea maelezo.