Asumini katika Friji

Thureya kapiga simu toka Oslo, saa nne usiku:
"Mama, asumini hunyweshwa vikombe vingapi?"

Nimenyamaza.
Mti wangu ulijiotea nyuma ya birika, hapa Kibokoni,
unakunywa maji ya udhu na ya kuoshea mchele,
sijaupimia hata kijiko.
Nani huulizwa namna anavyopumua?

Anasema majani yanaingia manjano.
Dirishani kuna baridi, ukutani kuna chuma cha moto,
na katikati hapana pa kuweka chungu.
Jua huja saa tatu, huaga saa tisa,
kama mgeni aliyeacha teksi ikinguruma nje.

Mimi baridi niijuayo ni ya kipupwe,
ya kujitanda leso ya pili.

Basi nikakata vijiti vitatu,
nikavitia katika makopo ya maziwa ya unga,
nikavipangisha ndani ya friji:
kimoja juu, ubavuni mwa barafu, jirani na nguru;
kimoja mlangoni, kati ya achari na mtindi;
cha tatu chini, kwenye droo ya bilingani,
nimekivika karatasi ya mkate.

Badi akafungua kutafuta maji.
"Mke wangu, hili ni friji au ni konde?"
"Funga upesi, unaiharibu Oslo."

Siku ya pili cha juu kilikuwa cheusi,
teketeke, mchicha uliosahauliwa sufuriani.
Siku ya tano cha mlangoni kilipukutika chote,
ila nilipokwaruza gome kwa ukucha
chini yake palikuwa kijani.
Cha tatu kililala tu,
matone ndani ya karatasi, kama mtu apumuliaye kioo.

Nikampigia.
"Usiunyweshe sana, mti uliolala hauna kiu.
Uvishe. Uepushe na hicho chuma.
Na majani yakianguka, usilie, kwaruza kwanza."

"Nani kakufundisha?"
"Friji."

Akacheka. Sijamsikia hivyo tangu Mfungo Sita.

Picha ikaja majuzi: kitumba kimoja cheupe,
kidogo kuliko punje ya pishori, hakijafumbua.

Nami cha tatu nimekitoa,
nimekipanda kando ya mamake, nyuma ya birika.
Wiki nzima kinasitasita juani,
majani kayakunja, joto halikiamini.

Na Badi, yule yule,
kila alfajiri hukinyunyizia maji ya friji,
kidogo kidogo kwa kiganja,
"kisije kikashtuka."