Simu ya Goziba

Naitwa Nyanjige, dalali wa dagaa, mwalo wa Kirumba.
Kazi yangu, ukiipima vizuri, ni neno moja kwa simu:
leta, au basi.
Nikisema leta, Bwire wa Goziba anapakia magunia usiku huohuo.
Nikisema basi, anaketi.
Na nikinyamaza, anausoma ukimya wangu kama barua.

Mwaka jana, giza la mwezi wa tatu,
mikono ilianza kunitetemeka nikishika mizani.
Wateja wakasema napunja.
Moyo ulikimbia nimeketi, nimeketi kabisa, juu ya ndoo,
kama machinga aliyeona mgambo.
Nilikula ugali na sato, sahani mbili, nguo zikazidi kulegea.
Watu walijifunika blanketi, mimi nilitaka nijifunike upepo.
Macho yakanitoka. Mama mkwe aliyatazama mara moja
akauliza nimemdhulumu nani huko mwaloni.
Wifi alisema: ana mtu.
Mimi nilisema malaria,
nikameza dawa ya malaria mara tatu.

Bugando, Daktari Kemilembe alisimama nyuma yangu,
akaniwekea vidole shingoni. "Meza mate."
Kitu kikapanda, kikashuka.
"Huyu ni kipepeo. Kila mtu anaye. Wako amenenepa."

Akanieleza, kalamu ikichora nyuma ya fomu:
chini ya ubongo, mahali pa punje ya njegere,
naye yupo dalali.
Hana miguu, hana simu. Hudondosha neno lake damuni,
na damu, kama ziwa, hupeleka kila kitu kila gati,
hata kusikohitajika.
Neno hupita milango elfu isiyolijua
mpaka lifike penye kufuli yake.
Hapo kipepeo huchukua madini joto,
yaleyale ya pakiti ya chumvi, akafunga mzigo, akausafirisha:
moyo uongeze mwendo, utumbo usilale, ngozi ipate joto.
Mzigo ukitosha, dalali huuonja damuni,
akanyamaza.

"Basi dalali wangu anaumwa," nikasema.
"Hapana." Akanionyesha karatasi, tarakimu imekaribia sifuri.
"Huyu amenyamaza siku nyingi. Ameshasema basi mpaka kakaukiwa.
Kuna wanaoiga sauti yake.
Ni askari wa mwili wako mwenyewe, wa kufukuza vijidudu.
Wamepotoka, wamejifunza neno leta.
Neno basi hawakufundishwa."

Nilicheka. Halafu sikuwa nacheka.
Nilimwona Bwire gizani, simu sikioni, sauti ni yangu:
leta, leta, Nyanjige kasema leta,
mtumbwi juu ya mtumbwi, gunia juu ya gunia,
dagaa wanaoza mpaka kwenye mawe,
na mimi nimesimama palepale, mdomo nimefunga,
na ukimya wangu hauna msomaji.

Alinipa vidonge. Haviwanyamazishi waigaji, alisema,
vinawafunga mikono wapakiaji.
Kingine kidogo cha kuushika moyo hatamu
wakati tunasubiri, maana mzigo uliokwisha ghalani
lazima kwanza uishe.

Wiki ya saba nilipima kilo tano,
mshale ukasimama kama mtu aliyeitwa jina.
Mteja hakuona kitu. Alilipa, akaondoka.
Mimi nilipima tena, peke yangu, gunia lisilo la mtu.

Macho hayajarudi yote.
Mama mkwe hajaomba radhi; alileta kuku, akasema anataga sana.
Karatasi ya mwezi uliopita inasema dalali wa ndani
ameanza kunong'ona tena,
na mimi, nikiwa nakwangua magamba kwenye meza,
huwa nasimama ghafla kumsikiliza,
kama kweli naweza.

Jana bei ilishuka. Sikupiga simu.
Saa nne usiku Bwire akapiga yeye:
"Mama, mbona kimya?"
Nikamwambia, soma.