Kubandua

Asubuhi nimetoka na ndoo ya maji na kisu cha jikoni
kubandua sura yangu kwenye kuta za Isongole.
Uji wa ngano hushika. Ukungu umeulainisha kidogo:
shavu linatoka, jicho linabaki.
Kwa mama Ngabo mbuzi amenitangulia,
amekula jina la chama, langu kaliacha.

Nimeshindwa kwa kura arobaini na moja.
Usiku, ofisi ya kata, taa ya sola ikififia,
msimamizi alijumlisha mara mbili.
Nikaomba ya tatu. Akajumlisha.
Arobaini na moja. Nikatia sahihi.
Mkono ulitetemeka baadaye, kwenye kikombe cha chai.

Wanasema kugombea ni kutaka.
Nilitaka, sikatai. Nilitaka kiti, na posho,
na kuitwa mheshimiwa
hata na shemeji yangu Anyosisye, ambaye kwake mimi ni "wewe".
Ila siku ile gulioni, juu ya kreti la soda,
matope hadi vifundoni,
ahadi zilinikauka mdomoni, nikabaki na swali:
gunia la viazi likivishwa kilemba cha kamba,
likameza madebe mawili zaidi kwa bei ileile,
hicho kilemba analipa nani?

Kimya.
Nyuma, mtu mwenye koti la mvua akacheka,
kisha akaacha kucheka.

Wiki iliyofuata Mwasaga akaja na mizani.
Kaipandisha jukwaani kama bibi harusi,
kalisema swali langu kwa sauti nzito kuliko yangu,
nao wakampa kura.

Nilikasirika siku tatu.
Ya nne nilikuwa shambani napanda,
nikashika kiazi cha mbegu, kimenywea, kimechipua macho,
nikajua hiki hakirudi mezani.
Kitaoza humo humo, tuchimbe vingine.
Nikakifukia. Hasira haikwisha yote.

Jumatatu diwani anaapishwa. Nitakwenda,
na kreti langu, maana viti vya mbele
huwa vya wageni.

Bango la mwisho liko mlangoni mwa ghala,
pale wachuuzi wanaposhonea magunia.
Nimekwangua paji, pua, tabasamu lile la kupigia picha.
Jicho nimeliacha.
Kisu kilikuwa bado kikali.