Sehemu ya Pili

Sanga ameileta gemu mpya Mwanjelwa,
kaifungia kwenye mfuko wa mbolea isiingie vumbi.
Mia tatu, dakika kumi.
Nimekalia kreti la soda,
vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Juni.

Ile ya kwanza ilikuwa na ukuta.
Vuka mto, ukuta. Panda kilima, ukuta.
Andondile aliruka akajigonga, akaruka akajigonga:
"Nyuma yake kuna kitu, Tuse.
Hakuna anayejenga ukuta bure."

Safari hii hakuna.
Kijana wa gemu anadaka ukingo wa paa, anajivuta,
anarukia tawi, mwamba, mgongo wa ndege,
na mbele kunazidi kuwa na mbele,
kama unavyoiona Uporoto asubuhi ukungu ukipanda.

"Kamata misheni!" Sanga ananihimiza. "Muda unakwenda!"
Sitaki misheni.
Nautafuta ule mto.

Nimeupata. Umekauka, daraja limemezwa na nyasi,
na pale penye ukuta pamesimama jiwe,
na juu ya jiwe, maana mashine imetunza
faili la zamani, kuna jina:
ANDO,
alivyojiandika mwenyewe
kabla hajadandia lori la Chunya kufuata dhahabu.
Mwaka wa pili huu. Hata salamu.

Nikabonyeza kuruka.
Nikaruka palepale, juu, chini, juu,
bila kujigonga popote.

Umeme ukakatika.
Sanga akawasha tochi ya simu, akanimulika usoni,
kisha haraka akaigeuzia ukutani.
"Umebakiza dakika tatu," akasema.
"Kesho uje umalizie."