Daftari la Stoo Namba Mbili

Ufunguo tulipewa Jumatatu, pamoja na kutu yake.
Stoo ya zamani ya mkonge, hapa Pongwe:
bati limetoboka mahali saba (Zaujia alihesabu),
popo darini, na harufu ya singa
iliyogoma kuhama na wenyewe.
Nikaandika ukutani, kwa chaki ya kuazima:
Wiki hii hakuna kipindi. Kuna paa.

Kikao cha wazazi kilikula asubuhi nzima.
Baba yake Mhina alisimama, kofia mkononi:
"Mwalimu, hayo tunayajua.
Mwaka wa themanini na moja nililima mahindi ya shule,
matuta ishirini, magunia yakapanda lori naona,
mimi nikarudi nyumbani na malengelenge.
Mwanangu nimemleta asome.
Jembe analo kwao."
Wakampigia makofi. Hata mimi, moyoni, nilipiga.

Nilikuwa na hotuba ya kurasa tatu.
Nikaikunja, nikaitia chini ya mguu mfupi wa meza.
"Daftari la fedha," nikasema, "watashika wao.
Senti ikipotea watajua imepita kwa nani,
na ikiwa ni kwangu, wataniandika."
Kimya. Kisha mama mmoja, nyuma kabisa:
"Haya. Tukupe mpaka machungwa yaishe."

Basi.
Kidato cha pili, watoto kumi na wanane,
miguu imetangulia kukua, mwili unaifuata kwa mbali,
sauti za wavulana zinapasuka katikati ya shikamoo.
Umri huu ukiukalisha kitini kutwa
utakuchongea dawati kwa wembe.
Bora uupe tupa.

Tanga mji wa baiskeli; tukaanza na baiskeli.
Ya kwanza aliileta nesi wa zahanati,
gurudumu la nyuma linayumba kama shahidi wa uongo.
Mhina akakaza spoki, akakaza, akakaza,
ringi ikawa yai.
"Duara ni nini?" nikamuuliza.
Mwaka jana, kwenye mtihani, alinijibu: sijui.
Sasa akakaa vumbini,
akafunga kipande cha waya kwenye fremu,
akazungusha, akasikiliza pale kinapokwaruza,
akalegeza hapa nusu, akakaza kule robo,
hadi saa tisa, njaa kaisahau.
"Ni kitu," akasema bila kuniangalia,
"ambacho kokote ukikigusa,
umbali mpaka katikati ni uleule."
Miaka kumi na moja nafundisha.
Nikatoka nje, nikajifanya nakagua bati.

Nisidanganye. Sabuni ya nazi iligoma kuganda;
tuliisugulia sakafu, mkuu wa shule akateleza.
Pampu ya kuazima iliibwa.
Wawili waliacha. Mmoja karudi.
Mwingine yuko kwenye matanuri ya chokaa, Amboni,
wala simrudishi kwa shairi.

Mwisho wa mwezi Zaujia, mweka hazina,
alifungua daftari, akalisoma kama tanzia:
Mapato, elfu thelathini na nane.
Matumizi, elfu arobaini na mbili na mia mbili.
Akanyamaza, kalamu hewani.
"Mwalimu, tuandike tu faida? Kikao ni kesho."
Sikujibu. Hilo nalo lilikuwa somo,
ila mwalimu wake si mimi.
Popo wakahangaika darini.
Akaomba kalamu nyekundu,
akaandika: Hasara, 4,200.
Akapiga mstari chini yake, kwa rula.

Kesho yake baba yake Mhina aliusoma ukurasa ule,
kidole kikipita tarakimu kwa tarakimu,
akauliza hiyo mia mbili ya nini.
"Chaki," wakasema. "Mwalimu aliazima. Tumelipa."
Hakusifu. Akafunga daftari, akatoka,
akarudi anaikokota baiskeli yake, mnyororo mfukoni.

"Bei ni ileile, baba," Zaujia akamwambia.
"Na hatukopeshi."