Anga Ina Wenyewe

Kidege changu nilikibeba katika mkoba wa kamera,
mikono yake minne imekunjwa kama miguu ya panzi,
na vyeti vya usajili ndani ya bahasha ya kaki,
muhuri juu ya muhuri.
Nilidhani yatosha.

Usoma, askari wa zamu
aliutazama mkoba kwanza, uso wangu baadaye.
"Uwanja wa ndege uko pale," akaelekeza kwa kidevu,
"na ndege ya saa nne haipendi mgeni njiani."
Nikafungua ramani, nikahesabu kilomita kwa vidole,
nikaona Kisumu karibu yote imo ndani ya duara moja
lililochorwa na mtu asiyewahi kula omena.

Hifadhi ya swala: ubao, maandishi mekundu.
Gereza la Kodiaga: hapo sikuuliza hata kuuliza.
Kiwanja cha shule kilikuwa tupu, kijani, kimya,
nikapiga goti, nikafungua zipu,
mara basi likateremsha kwaya tatu na wazazi wao.
Juu ya vichwa vya watu hairuhusiwi.
Nikafunga zipu.

Basi nikapanda kuelekea Maseno,
ambako mstari wa ikweta hupita
bila kuomba kibali kwa yeyote,
na mbele kidogo, nje ya Luanda,
nikamkuta Truphosa Anyika akipura maharage.

Alivaa miwani iliyofungwa uzi.
Akasoma barua yangu yote, hadi jina la mpiga chapa.
"Hii ni ruhusa ya serikali," akasema. "Yangu iko wapi?"

Nikamwambia sheria yanipa futi mia nne.
"Mimi nakupa mkaratusi ule. Usiupite.
Wala usivuke kwa Okwemba, ng'ombe wake ana mimba ya kwanza.
Wala pale penye maua ya njano:
mzee wangu hakupenda kuchunguliwa akiwa hai.
Na ukishushe kabla watoto hawajatoka shule,
la sivyo kesho hatasoma mtu."

Kikanguruma, kikainuka, kuku wakajificha chini ya ghala.
Nilikuwa na dakika kumi na nane za betri
na kipande cha mbingu ukubwa wa ekari moja na nusu.
Sijawahi kurusha kwa adabu namna ile.

Nikampa kioo atazame.
Nilingoja aseme ni kuzuri.
Hakusema.
Alisogeza uso, akapangusa kioo kwa kanga, akapangusa tena.
"Bati la jikoni limetoboka. Ndiyo maana unga hulowa."
Halafu akanyamaza, kidole chake kikifuata
uzi mwembamba wa udongo mwekundu kati ya mahindi.

"Hii ni njia ya kisimani?"
Ndiyo, mama.
"Mbona imepinda hivi?
Miaka thelathini na minane naenda na mtungi kichwani,
mimi najua naenda moja kwa moja."

Betri ikalia. Nikakishusha kwenye gunia tupu.
Akanipimia maharage kikombe kimoja, akaongeza konzi,
akauliza kesho naelekea wapi.
Kakamega, nikajibu, msituni.
Akacheka mpaka miwani ikamteleza:
"Huko, mwanangu, barua utawasomea nyani."

Nilipogeuka barabarani alikuwa amesimama njiani kwake,
mikono mitupu, hana mtungi,
akitafuta kwa unyayo
mahali inapopindia.