Wati Tano

Washa, kisha subiri.
Sanduku hili halina papara.
Hesabu mpaka thelathini, polepole, kama mtu anayepanda
ngazi za mawe za Mabatini na ndoo kichwani.
Ukifika thelathini utanusa vumbi linaloungua,
vumbi la miaka hamsini, la pamba labda,
maana lilitolewa kwenye ghala la pamba lililofungwa,
lina mayai ya mende na mwandiko wa mtu nisiyemjua:
"Usiguse. Linauma hata likiwa limelala."

Nililinunua Makoroboi,
kati ya vibatari vya mkebe na majiko ya bati,
kwa bei ya sato wawili wakubwa.
Muuzaji alidhani ni redio iliyopoteza masafa.
Nikahesabu pesa. Sikumsahihisha.

Fundi Lusangija alilifungua kwa mkono mmoja.
Wa kushoto aliuacha mfukoni.
"Umeme ukitoka mkono huu kwenda mkono huu," alisema,
"njia yake ni moyo, na moyo hauna fyuzi."
Akanionyesha valvu tatu, vichupa vya kioo,
ndani nyuzi zimeiva
kama makaa yaliyosahauliwa chini ya jivu.
"Wati tano. Pasi ya nguo inakula elfu moja.
Hili halitakutajirisha, wala halitakuua."
Akanyamaza, akapuliza risasi ipoe.
"Nimekudanganya. Kuua, linaweza."

Wenzangu wa bendi walicheka mpaka wakakaa chini.
Wao spika zao zinataka pikapu mbili.
Mimi napigia chumbani, Kirumba,
jiwe kubwa ndilo ukuta wetu wa nyuma
(sisi wapangaji tunalipa kodi, jiwe halilipi),
na sauti ikiligonga inarudi imekua kidogo,
kama mtoto aliyetoka likizo.

Nikigusa uzi taratibu, ni maji ya alfajiri
kabla kivuko cha Kamanga hakijayakoroga.
Nikiukwangua kwa hasira, inapasuka kingo,
ni shangazi Nyanjige akiita watoto waje wale
siku ya tatu ya mafua.
Hakuna kitufe cha jambo hilo.
Ni kidole, na unachokikumbuka.

Tena lina masikio.
Bwire, nyumba ya tatu, akianza kuchomelea mageti,
umeme unashuka,
na noti yangu inashuka nayo, inalegea magoti,
inapata ukungu ambao sikuulipia.
Nimeujua mji huu kwa volti zake.
Mia mbili thelathini ni usiku wa manane, sangara tu wako macho.
Mia na tisini ni mkesha wa sikukuu,
kila nyumba inanyoosha shati.
Naweza kukwambia Bwire ameunga vyuma vingapi
bila kushuka kitandani,
gitaa likiwa tumboni.

Mwezi wa nne valvu moja ikaanza kukohoa.
Lusangija alikwishahamia Geita kwa mwanawe;
simu yake inaita, inaita, halafu anapokea mwanamke
anayeuza mkaa.
Ya akiba aliniachia ndani ya soksi ya mtoto.
Niliibadilisha mwenyewe,
mkono wa kushoto mfukoni,
ukitetemeka humo kama kifaranga cha wizi.

Jana usiku umeme ulikatika.
Kirumba nzima ikazimika kwa mpigo:
friji, taarifa ya habari,
ugomvi wa wapangaji wa chini uliokuwa unahitaji taa.
Mimi nilikuwa katikati ya uzi wa tano.

Noti haikufa.
Ilibaki hewani bila waya wa shirika lolote,
ikila joto lililosalia kwenye kioo,
sekunde moja, mbili, karibu ya tatu,
ikikwaruza, ikizama,
mpaka nikawa siijui tena
na mbwa wa bondeni.

Gizani Bwire akaita:
"We jirani! Kwako umeme upo?"
Nikainama nyuma ya sanduku.
Valvu zilikuwa bado nyekundu.
"Kidogo," nikamjibu.